Filamu ya Mzee Tarrant yabaki kinywani mwa mlezi wake

Saa moja na robo asubuhi, Bernadette Nabintu anamgeuza mgonjwa wake alalie ubavu wa kushoto. Hamvuti. Mkono mmoja anaupitisha chini ya bega, wa pili chini ya nyonga, kisha anatulia kidogo mpaka mwili wenyewe ukubali. Mgonjwa ni bibi wa miaka themanini na minane ambaye hajatamka neno tangu alipopata kiharusi mwezi Machi.

Bernadette anakagua visigino, anavipaka mafuta, ananyoosha shuka mpaka mikunjo yote inakwisha. "Kunjo moja tu ya shuka inatosha kutoboa ngozi ya muzee," anasema. Muda wote huo anazungumza na bibi kwa Kiswahili, lugha ambayo bibi haijui: jana mvua ilinyesha, uji uko njiani, mguu huu leo una nafuu.

Hapa ni nyumba ya kutunzia wazee kwenye mteremko wa Berea, jijini Durban. Ni Septemba 2015, na Bernadette ana umri wa miaka arobaini na saba. Zamu yake inaanza saa kumi na mbili alfajiri na kuisha saa kumi na mbili jioni. Katikati ana mapumziko ya nusu saa, ambayo wenzake huyatumia kula na kupumzisha miguu.

Yeye, kila Jumanne na Ijumaa, huyatumia katika chumba cha kufulia, mbele ya kinasa sauti kilichowekwa juu ya mashine ya nguo. Mwenye kinasa sauti ni Aaliyah, mtafiti kijana kutoka chuo kikuu kimoja cha jijini. Bernadette anamsimulia filamu.

Ni filamu isiyo na sauti, ya Marekani ya wapanda farasi, iliyotengenezwa mwaka 1924. Kwa Kiswahili jina lake ni "Kisima cha Chumvi". Watunza filamu za kale wanasema hakuna nakala yake hata moja inayojulikana duniani. Walioicheza wamekufa, na walioitazama hawapatikani. Anayeweza kuieleza mwanzo hadi mwisho ni mkimbizi huyu kutoka Kongo, ambaye hakuwa amezaliwa ilipoonyeshwa.

Kuieleza kunamtesa. Mara mbili amemwomba Aaliyah azime kinasa sauti na aje siku nyingine.

Bernadette ni mzaliwa wa Walungu, Kivu ya Kusini, aliyeolewa Uvira. Mume wake, Joachim, alikuwa dereva wa lori la bidhaa kati ya Uvira na Baraka. Mwezi Oktoba 2002 aliondoka na mzigo wa unga na hakurudi. Lori lilionekana wiki mbili baadaye, milango wazi, limeibiwa hata viti. Mwili haukuonekana, wala hakuna aliyekuja kusema amemwona.

"Sijui kama alikufa siku ile ama ya pili yake," anasema. "Sijui nani alifanya. Kule kwetu mutu anapotea tu, donc basi unabaki na kumungojea hata kama unajua."

Aliondoka mwaka 2004 na binti yake Tina, aliyekuwa na miaka mitano. Walipita Tanzania, Malawi na Msumbiji. Durban alianza kwa kulinda magari ya watu ufukweni, akiwa amevaa fulana ya rangi ya chungwa, jua likimkausha midomo. Baadaye akafagia saluni. Mwaka 2010 parokia yake iliendesha mafunzo ya wiki tatu ya kutunza wazee, na yeye akawa miongoni mwa wanawake kumi na wawili walioyamaliza.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Edwin Tarrant, wa mtaa wa Morningside.

Mzee Tarrant alikuwa na miaka themanini na minane walipokutana, mjane asiye na mtoto, mhasibu mstaafu. Aliishi peke yake katika nyumba kubwa ya matofali mekundu, bustani imemzidi nguvu. Macho yake yalikuwa yamebaki kutofautisha mwanga na giza, na kivuli cha mtu akikaribia. Akili ilikuwa nzima, isipokuwa majina ya watu, ambayo yalikuwa yameanza kumponyoka.

Mshahara ulikuwa randi elfu tatu na mia mbili kwa mwezi, na nusu yake iliishia kwenye kodi ya chumba kimoja upande wa kusini mwa jiji, alichoishi na Tina. Bernadette hakulalamika. Anasema mzee alikuwa wa kwanza tangu avuke mpaka kumuuliza swali na kungoja jibu.

"Aliniuliza bwana yangu alikuwa mutu wa namna gani. Si alikufa namna gani. Alikuwa mutu wa namna gani."

Kwa kumjibu, Bernadette alimwambia Joachim alipenda kuimba akinyoa ndevu na alikuwa mkali juu ya viatu. Na mzee, kama kulipa, akamweleza juu ya wazazi wake.

Baba yake alikuwa na gari moja, mashine moja ya kuonyeshea filamu na shuka kubwa jeupe. Alizunguka miji midogo ya Natal, ya viwanda vya sukari na ya machimbo ya makaa, akakodi kumbi na kuwaonyesha watu sinema. Mama alikaa kando ya shuka akipiga piano, na Edwin mdogo alikaa chini ya kiti cha mama. Sinema zenye sauti zilipofika, kazi ile ikafa. Baba akauza vyombo vyote. Filamu moja tu haikuuzwa, kwa sababu mama alikataa.

"Ilikuwa wapi?" Bernadette alimuuliza. Mzee akasema iko gereji, nyuma ya mashine ya kukatia majani, na kwamba hajaigusa tangu mwaka mama yake alipozikwa.

Bernadette aliikuta mwezi Agosti 2013, baada ya kuhamisha makopo ya rangi ya miaka mingi. Yalikuwa masanduku saba ya bati ya duara, yamepigwa namba kwa rangi nyeupe. Alipofungua la kwanza, harufu kali kama siki na soksi zilizolowa ilimrudisha nyuma. Ndani mlikuwa na unga wa kahawia. La pili lilikuwa na kitu kama asali iliyoganda. Kati ya masanduku saba, mawili tu yalikuwa na filamu iliyoviringika vizuri: namba tatu na namba saba.

Hakujua la kufanya. Jirani mmoja wa mzee akamtajia Moosa Fakir, fundi mstaafu wa Chatsworth, aliyeendesha mashine za sinema za katikati ya jiji kwa miaka thelathini na mmoja.

Moosa sasa ana miaka sabini na mmoja. Alizaliwa Bluff, kando ya bandari, katika jamii ya Waislamu wenye asili ya Afrika Mashariki ambao Durban wanaitwa Wazanzibari. Alikuwa shule wakati serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth. Kiswahili hakijui, anazungumza Kiingereza cha mtaani kwake, cha haraka. Bernadette humwita Anko Moosa, kama wanavyomwita watu wote.

Alipofika Morningside, anasema, alinusa kabla ya kuona. "Nikawaambia wasiwashe kiberiti. Filamu za zamani zile ni ndugu wa baruti. Joto likizidi zinaweza kujiwasha zenyewe, na zikishika moto hata maji hayazizimi."

Alikataa kabisa kuipitisha kwenye mashine yoyote. Aliviringua urefu wa mkono mmoja tu wa namba tatu, akaushikilia mbele ya dirisha na kuutazama kwa kioo cha kukuzia. Mzee Tarrant alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, shingo imenyooka, akisubiri. Moosa akamwambia anaona mwanamke amesimama mlangoni, amefunga kitambaa kichwani, na ameshika ndoo.

"Yule mzee akasema, 'Ameshika ndoo kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ameungua.' Nikatazama tena. Mkono wa kulia ulikuwa na bandeji," anasema Moosa. "Nimeonyesha filamu maisha yangu yote. Siku ile nywele zilinisimama."

Kipande kidogo, urefu wa shibiri, kilikuwa kimeshakatika chenyewe. Moosa aliomba akichukue akakitazame vizuri nyumbani. Namba saba hakuiviringua hata kidogo, maana kingo zake zilikuwa zinanata, na aliogopa kuipasua. Alishauri waandikie watu wenye maabara za kazi hiyo, na masanduku mawili yawekwe mahali penye baridi.

Tina, wakati huo mwenye miaka kumi na minne, ndiye aliyeandika barua pepe kwa Kiingereza, kwenye kompyuta ya maktaba. Bernadette aliyaweka masanduku kwenye friji ya jikoni, rafu ya chini, chini ya maziwa na kabichi.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita, kutoka hifadhi moja ya filamu za kale huko Ulaya. Lilisema filamu hiyo iko kwenye orodha ya zilizopotea. Lilisema kuisafirisha kutahitaji vibali vya mizigo ya hatari, kwamba watatafuta njia na fedha, na kwamba tafadhali isiguswe.

Miezi ile ya kungoja ilikuwa mizuri, anakumbuka Bernadette. Kila siku baada ya chakula cha mchana mzee alimweleza sehemu moja ya filamu, na jioni kwenye taxi, yaani basi dogo la abiria, akirudi nyumbani, yeye aliiandika kwa Kiswahili kwenye daftari la shule la Tina.

Hadithi yenyewe si ndefu. Mwanamke anaitwa Clara. Anaishi na mume wake kwenye kituo cha kubadilishia farasi, kando ya kisima, katikati ya jangwa la chumvi. Mume anaondoka na gari la barua. Siku zinapita, harudi. Anakuja mtu mwingine, amejeruhiwa, amezimia juu ya farasi. Clara anamtoa risasi, anaungua mkono akichemsha maji, anamuuguza siku kumi na moja. Mtu anapona. Wanaanza kucheka pamoja mezani.

Siku ya kumi na mbili, akishona koti la mgonjwa, Clara anakuta mfukoni glavu ya sufu. Ni yeye aliyeifuma, kwa ajili ya mume wake. Anamuuliza, na mtu anakiri.

Clara anamfunga mikono, anampandisha farasi, anampeleka mjini akanyongwe. Ni mwendo wa siku mbili. Katikati ya njia maji yanabaki ya mtu mmoja. Anamfungua, anampa maji na farasi, anamwonyesha barabara ya mjini na kumwambia aende mwenyewe kwa mkuu wa polisi. Kisha anageuka kurudi nyumbani kwa miguu. Picha ya mwisho ni mgongo wake, unakuwa mdogo, mdogo, mpaka chumvi inameza kila kitu. Filamu haionyeshi kama yule mtu alikwenda mjini, wala kama Clara alifika.

Mzee alimweleza jambo moja juu ya mwisho huo ambalo halikuwa kwenye filamu. Clara alipogeuka, mama yake aliacha kupiga piano. Alishusha mikono mapajani. Ukumbi mzima ulibaki na mlio wa mashine peke yake, na watu wazima, wakata miwa na wachimba makaa, walisikika wakipenga kamasi gizani.

"Alipofika pale alikuwa analia, kila mara," anasema Bernadette. "Na mimi nilikuwa nasema, Papa, tutaiona. Watu ba Ulaya watakuja."

Januari 2014 alikuja mpwa wa mzee, Gillian, kutoka Perth, Australia. Daktari alikuwa amempigia simu kwamba akili ya mjomba wake imeanza kushuka kwa kasi. Gillian alikaa wiki tatu, akapanga mambo ya nyumba, akafungua makabati, akasoma barua. Bernadette anasema alikuwa mama mwenye adabu, aliyejitengenezea chai mwenyewe.

Ilikuwa wiki ya joto kali, na umeme ulikatika mara mbili. Jumapili Bernadette alikuwa mapumzikoni, kanisani na binti yake. Jumatatu alipofungua friji kutoa maziwa, rafu ya chini ilikuwa tupu na imefutwa kwa dawa. Gereji pia ilikuwa tupu. Gillian alikuwa amewaita watu wa kampuni ya kuondoa taka za hatari, na masanduku yote saba yalikuwa yameshateketezwa nje ya jiji.

Akizungumza kwa simu na gazeti hili, Gillian hakukana. "Mjomba wangu alikuwa na miaka tisini na mmoja, hawezi kutoka kitandani peke yake," alisema. "Nikaambiwa kwamba kwenye friji yake kuna kitu kinachoweza kulipuka umeme ukikatika. Barua za Ulaya niliziona. Hazikuwa na tarehe yoyote ya kuja. Ningengoja mpaka lini? Nimesikitika, lakini ningefanya vilevile."

Bernadette hamlaumu kwa sauti. Anachosema ni kwamba hakuulizwa. Angeulizwa, angeomba sanduku namba saba apewe Anko Moosa.

Gillian alimwomba asimweleze mzee, ili asiumie. Kisha akarudi kwake.

Siku mbili baadaye, mzee aliuliza ni lini wataitazama filamu. Bernadette akasema karibuni. Kesho yake akauliza tena. Akili ilikuwa inateleza. Alisahau kama amekula, alisahau jina la Bernadette na kumwita kwa jina la mama yake, lakini hilo hakulisahau. Alianza kukataa chakula. Alisema atakula baada ya sinema.

Ndipo Bernadette alipofanya jambo ambalo mpaka leo anashindwa kulieleza akiwa amemtazama mtu usoni. Alasiri moja ya Februari alifunga mapazia ya sebule. Akaweka kiti cha mzee mbele ya ukuta mweupe, akawasha taa ya mezani kuelekea ukutani. Akabandika kipande cha karatasi ngumu kwenye feni, ili mapanga yakizunguka yaipige. Ikatoa mlio wa haraka, usiokatika.

Mzee akainua kichwa. Akauliza kama baba ameshaanza.

Bernadette akakaa kando yake na kumwambia anachokiona ukutani. Jangwa jeupe. Nyumba ya mbao. Mwanamke anatoka na ndoo. Alisimulia kwa Kiingereza chake cha mitaani, na pale kilipopungua aliongeza Kiswahili, na mzee hakuonekana kujali. Alipofika mwisho, Clara alipogeuka, Bernadette alinyamaza kama mama yule alivyonyamaza, akaacha feni iendelee peke yake. Mzee alilia. Kisha akala sahani nzima.

"Nilimudanganya miezi tano," anasema. "Kila juma, mara mbili, mara tatu. Nilikuwa nasali kabla, nasali nyuma. Padri alisema si zambi kubwa. Lakini padri hakuwa ndani ya ile chumba. Yule muzee alikuwa ananishika mukono na kusema asante juu ya kitu haiko."

Kwa miezi ile, filamu ilianza kubadilika. Mzee hakuwa tena na nguvu ya kumsahihisha. Bernadette aliongeza mbwa kwenye kituo cha farasi, kwa sababu siku moja mbwa wa jirani alibweka na mzee akageuka. Aliongeza mvua siku ambayo mvua ilikuwa inanyesha kweli. Mengine aliyaongeza bila kujua.

Mwisho wa Mei mzee alikuwa amebaki mifupa. Alasiri hiyo, Clara alipogeuka na feni ikabaki peke yake, alilia kwa namna tofauti, kwa kukosa pumzi, mikono ikipapasa hewani. Bernadette aliogopa. Badala ya kunyamaza, akasema: "Papa, angalia. Iko mutu anakuja mbele yake. Ni bwana yake. Hakukufa."

Akaendelea. Mume alikuwa amefichwa na wachunga ng'ombe, amepona jeraha, alikuwa anarudi nyumbani kwa miguu. Clara anamwona kwa mbali, anamtambua kwa mwendo. Wanakutana katikati ya chumvi.

Mzee alitulia. Alisema, polepole sana, kwamba baba yake hakuwahi kuwaonyesha sehemu hiyo.

Alifariki wiki tatu baadaye, asubuhi, Bernadette akimpangusa uso. Alichomwa kwa wosia wake mwenyewe, na Gillian akabeba majivu kwenda Perth. Mwezi uliofuata ilifika barua kutoka Ulaya: fedha zimepatikana, vibali vimekubaliwa, watu wawili watakuja Septemba kuchukua masanduku. Tina aliisoma kwa sauti, kisha akamuuliza mama yake ajibu nini.

Walijibu ukweli. Wakaongeza sentensi moja: mama anaijua yote. Hapo ndipo kazi ya Aaliyah ilipoanzia, ingawa ilichukua karibu mwaka kupangwa, na kabla haijaanza, daftari lilipotea.

Lilipotea Aprili mwaka huu, katika ghasia ambazo wenyeji waliwafukuza wageni wa Kiafrika kwenye vyumba vyao. Bernadette na Tina walitoka na begi moja na vyeti. Walilala siku tisa kwenye hema la kambi ya waliofukuzwa, huko Chatsworth, mpaka Moosa aliposikia wako pale. Alikuja na gari la mwanawe, akazunguka kati ya mahema akiuliza jina lake, akawapeleka nyumbani kwake. Mke wake, Tahira, alikuwa ameshatandika kitanda. Waliporudi kuangalia chumba chao, hakikuwa na mlango, na daftari halikuwepo.

Wamekaa kwa Moosa hadi sasa. Na ilikuwa mezani kwake, mwezi Juni, Tahira alipomwomba Bernadette awasimulie ile filamu. Akasimulia. Akamaliza na mume akirudi.

Moosa aliweka kijiko chini. Akamkumbusha kwamba, mwaka 2013, mzee mwenyewe alipowasimulia, mwisho haukuwa hivyo.

Moosa anasema: "Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nikaona hakuwa ananidanganya. Alikuwa ameshaamini."

Bernadette anasema usiku ule ndipo alipoelewa. "Nilikuwa najiambia nilibadilisha juu ya muzee, juu alikuwa analia. Hapana. Muzee alikuwa analiaka kila mara, na nilikuwa namuacha. Siku ile ni mimi njo, mimi ndiye sikuweza. Ilikuwa bwana yangu njo nilirudisha. Nilichukua sinema ya mutu, kitu ya mama yake, nikaingiza Joachim ndani."

Anafuta macho kwa kiganja, kwa haraka, kama mtu anayefuta jasho akiwa kazini.

Mtu anaweza kusema hakuna aliyeumia. Lakini sanduku namba saba, lililokuwa na mwisho wenyewe, liliteketea, na daftari halipo. Mtu pekee duniani anayeweza kusimulia filamu hii nzima ni mtu ambaye amekiri kwamba aliibadilisha. Aaliyah anasema hilo ndilo linalofanya kazi kuwa nzito. Kila kikao wanarudi nyuma kutenganisha: hiki ni cha mzee, hiki ni changu, hiki sijui. Mbwa ameondolewa. Mvua imeondolewa. Bandeji ya mkono imethibitishwa na kile kipande cha Moosa, ambacho sasa kiko Ulaya; ni picha kumi na mbili, chini ya sekunde moja ya filamu nzima.

Kuna sehemu kama sita ambazo Bernadette hana uhakika nazo tena. Pale Clara na yule mtu wanapocheka mezani, hajui kama mzee alisema walicheka, au ni yeye aliyetaka wacheke.

Bado ana ndoto zake za kawaida. Anataka Tina amalize shule na asome uuguzi. Anataka kupata chumba chao wenyewe kabla ya mwaka kwisha, ingawa Tahira humwambia hakuna anayewafukuza. Makaratasi yake ya ukimbizi yanaisha Novemba, na atapanga foleni tena.

Lakini ana mpango mmoja wa karibu. Ijumaa ni kikao cha mwisho. Siku hiyo atasimulia filamu yote moja kwa moja, bila kukatizwa, pamoja na mwisho aliopewa na mzee, mwanamke akienda peke yake. Sauti hiyo itatumwa Ulaya na kuhifadhiwa kwa jina lake. Aaliyah alikuwa amemwandikia utangulizi mfupi wa kusoma, unaomtaja kama shahidi wa mwisho wa filamu.

Ameukataa. Amemwomba Tina amtafsirie maneno mengine, na anayafanyia mazoezi akikunja shuka, midomo ikitembea bila sauti. Alipoombwa ayaseme, alinyoosha mgongo na kuyasema kwa Kiswahili.

"Naitwa Bernadette Nabintu. Nilikuwa namutunza Edwin Tarrant. Hii sinema mimi sikuionaka hata siku moja. Yeye pia, ile miezi ya mwisho, hakuiona, nilimwambia anaiona. Mukishajua ile, njo musikilize."

Kengele ikalia ghorofa ya juu. Akachukua shuka zake na kupanda ngazi.